Maji yakifika kilele, je, ndiyo yamekwisha?

Kila masika yanapokolea, simu ya studio hupokea swali moja kwa sauti nyingi. Msikilizaji amesikia kwenye taarifa kwamba mvua zimefika kilele, naye anauliza: ndiyo mwisho, au bado? Wengine hawaulizi. Wanasikia neno, wanajitwisha mabati na vyombo walivyokuwa wamevihamishia kwa ndugu mlimani, wanarudi mwaloni. Kwa mtu wa mjini hilo ni swali la lugha tu. Kwa mtu wa Nkome ambaye nyumba, mtumbwi na chanja za kuanikia dagaa viko hatua chache kutoka majini, ni swali la kulala pakavu au kulala ndani ya maji.

Kiswahili kina maneno mengi ya sehemu ya juu kabisa ya kitu. Tuna kilele, upeo, kipeo, kikomo, ukomo, ncha na utosi, na siku hizi tumeongeza rekodi. Kijiweni tunayachanganya na hakuna anayeumia. Lakini taarifa ya mvua, ya mawimbi, ya idadi ya abiria kwenye kivuko na ya bei ya dhahabu huwa inategemea neno mojawapo kati ya haya, na kila moja linasema jambo lake. Ndiyo maana leo tumeona tuyakalishe chini, tuyatazame.

Kilele kina upande wa pili

Tuanze na kilele chenyewe. Asili ya matumizi yake ni kitu kilichosimama: mlima, mti, mnara. Mlima tunaoujua wote, hata sisi ambao hatujawahi kuuona kwa macho, ni Kilimanjaro. Una vilele vitatu: Kibo, Mawenzi na Shira. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote, na sehemu yake ya juu kabisa inaitwa Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mawenzi ina mita 5,149 na Shira mita 3,962. Hapo tuchukue mambo mawili ya kuweka akiba. Kwanza, mlima mmoja unaweza kuwa na kilele zaidi ya kimoja. Pili, kilele kina upande wa pili. Mpanda mlima akifika Uhuru hajafika nyumbani. Ana safari nzima ya kushuka mbele yake.

Sasa, kwa nini masikio yetu husikia kilele yakaelewa mwisho? Tunadhani sababu ni sherehe. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, kileleni hasa. Baadaye Mwenge wa Uhuru ukaanza kuzunguka nchi, na siku ya kuhitimisha mbio zake tunaiita kilele. Sisi wa mkoa wa Geita tunaikumbuka ya 14 Oktoba 2021 pale Chato, na majirani zetu wa Mwanza walipokea ya 14 Oktoba 2024 kwenye uwanja wa CCM Kirumba. Nanenane nayo ni hivyo hivyo. Maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti, kilele ni tarehe 8, mgeni rasmi anahutubia, vikombe vinatolewa, na kesho yake mahema yanang'olewa. Vivyo hivyo wiki ya chanjo, wiki ya maji, mwezi wa hiki na kile.

Katika sherehe, basi, kilele ni siku kuu na pia ni siku ya mwisho. Hakuna upande wa pili. Mtu aliyezoea kilele cha namna hiyo miaka yote, akisikia kwamba mvua imefika kilele, anangoja mahema yang'olewe. Hatuwezi kumlaumu. Lakini mvua haina mgeni rasmi.

Ukanda wetu wa Ziwa Victoria hupata misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kila msimu una kilele chake, kama Kibo na Mawenzi. Masika kwa kawaida hupamba moto Aprili. Ikitangazwa basi katikati ya Aprili kwamba mvua ziko kileleni, maana yake ni kwamba hizi ndizo siku zenye mvua nyingi zaidi, na kwamba baada yake kiasi kitapungua taratibu. Mwezi Mei wote bado uko njiani. Tena mvua ndogo ya Mei inaweza kuleta mafuriko ambayo mvua kubwa ya Machi haikuleta, kwa sababu ya Machi ilikuta ardhi kavu ikanywewa, na ya Mei inakuta ardhi imeshiba.

Ziwa lina kilele chake

Hapa ndipo penye uzito, na tunaomba msomaji atuvumilie kidogo.

Chukua ndoo, uitoboe tundu dogo chini, uiweke chini ya bomba. Fungua bomba kwa nguvu zote. Maji yanapanda kwenye ndoo kwa sababu yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka tunduni. Sasa rudisha bomba nusu. Maji kwenye ndoo yatashuka? Hapana. Kama nusu hiyo bado ni nyingi kuliko inayotoka tunduni, ndoo itaendelea kujaa, ila kwa kasi ndogo zaidi. Bomba lilifika kileleni dakika tano zilizopita. Ndoo bado inapanda.

Ziwa Victoria ni ndoo ya namna hiyo. Maji yanayoliingia, karibu sehemu nne kati ya tano, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Mito, ukiwamo Kagera, huleta sehemu iliyobaki. Kwa upande wa kutoka, mengi hupotea kwa jua, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja nchini Uganda. Tundu ni moja, na ndoo ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800. Kwa hiyo mvua inaweza kufika kilele Aprili, ikaanza kupungua, na ziwa likaendelea kupanda hadi Mei, pengine hadi Juni. Kilele cha mvua na kilele cha ziwa ni vilele viwili tofauti, na cha ziwa huja nyuma.

Vipimo vinathibitisha. Kimo cha ziwa kimekuwa kikipimwa tangu 1896, na kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Jinja. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2. Kilele chake kilikuja Mei 1964, mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. (Hicho si kina cha ziwa. Kina kirefu kabisa kinakaribia mita 80. Ni kimo cha maji kwenye ubao wa kupimia, kama alama kwenye ukuta.) Baadaye ziwa likashuka, likapanda, likashuka tena, hata mwaka 2005 na 2006 likakauka kando kiasi kwamba mitumbwi ililala juu ya tope. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 2019, na Mei 2020 kipimo kikasoma mita 13.42. Mei 2024 kikapita hapo tena.

Tazama miezi: Mei, Mei, Mei. Mara zote tatu.

Sasa tazama miaka. Kati ya 1964 na 2020 ni miaka 56. Kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa, kikajenga, kikazeeka kikiamini kwamba ufuko uko pale ulipo. Wazee waliosema maji yaliwahi kufika kwenye mti ule walionekana wanatia chumvi. Mialo, mabanda ya samaki, vyoo na nyumba vilijengwa kwenye ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiazima tu. Lilipoidai mwaka 2020, watu wa Tanzania, Kenya na Uganda waliokaa kando ya maji walihama kwa pamoja.

Hapo ndipo neno rekodi linapotudanganya. Tukisema ziwa limevunja rekodi ya 1964, tunasema tu kwamba tangu watu waanze kupima hawajaona kimo kama hicho. Rekodi ni cheo cha muda, kama cha kinara wa ligi. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alikuwa kinara wa mabao wa Ligi Kuu akiwa na 17. Hakuna aliyesema kwamba kuanzia siku ile mtu hataruhusiwa kufunga 18. Rekodi ya 2020 ilidumu miaka minne.

Kikomo huwekwa na watu

Kilele hutokea chenyewe, na aghalabu hukijui mpaka umekipita. Kikomo ni kitu kingine kabisa. Kinatokana na koma, yaani simama, na huwekwa kabla. Ukomo ni ndugu yake. Kibao cha barabarani kinachosema 50 kwenye makazi ya watu hakisemi kwamba gari haliwezi kufika 51. Kinasema lisifike.

Kando ya ziwa letu tuna vikomo viwili ambavyo kila mtu angefaa kuvijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huiona sheria hiyo kama ya kulinda samaki na matete tu. Ukisoma vipimo vya 1964, 2020 na 2024 pamoja, utaona kwamba inamlinda na mwenye nyumba pia, ingawa si kila mahali mita 60 zinatosha. Penye ufuko tambarare maji yakipanda mita moja husogea mbali sana nchi kavu, na penye mwinuko husogea hatua chache.

Kikomo cha pili ni cha chombo. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa na watu wengi kuliko hao mara kadhaa, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Hatutaji hili kwa ajili ya kuumiza. Wapo wasikilizaji wetu waliozika ndugu siku zile. Tunalitaja kwa sababu ya namna tunavyozungumza gatini. Nahodha akiambiwa kwamba chombo kimefika kikomo, utasikia mtu akijibu: "Jana kilibeba zaidi ya hawa na kikafika." Mtu huyo anazungumzia kilele, yaani idadi kubwa kuliko zote iliyowahi kubebwa. Nahodha anazungumzia kikomo. Kilele cha jana kilipatikana siku ziwa limetulia, mizigo imekaa katikati na hakuna aliyekimbilia upande mmoja. Kikomo kimewekwa kwa ajili ya siku ambayo hayo yote hayapo.

Wimbi la mita mbili

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo kwa ziwa, hutaja upepo unaofika kilomita kadhaa kwa saa na mawimbi yanayofika mita kadhaa. Tuseme mita 2. Wavuvi wawili wanaweza kusikia sentensi moja wakaenda na maana mbili.

Jambo la kwanza ni namna wimbi linavyopimwa. Urefu wake hupimwa kutoka kwenye bonde lake, pale maji yanapozama, hadi kileleni. Kwa hiyo wimbi la mita 2 linasimama takribani mita moja juu ya maji tulivu, na bonde lake linashuka karibu mita moja chini yake. Ukiwa ndani ya mtumbwi umeshuka bondeni, unaliona lote mbele yako.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika taaluma ya hali ya hewa duniani, urefu wa mawimbi unaotangazwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Yaani ukihesabu mawimbi mia moja, ukachukua 33 yaliyo makubwa kuliko mengine, ukayatafutia wastani, ndio huo. Na palipo na wastani pana vya juu yake. Ndani ya saa chache za dhoruba, wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya urefu uliotajwa. Kwa hiyo neno yanayofika halipaswi kusikika kama yasiyozidi. Mvuvi anayesema kwamba mtumbwi wake unamudu mita 2, na taarifa imesema mita 2, basi anakwenda, amechukua wastani akaufanya kikomo.

Upeo, kipeo na mwezi mpevu

Tupumzike kidogo na maneno yasiyo na maafa.

Kuna kitenzi cha zamani, pea, ambacho hakisikiki sana siku hizi. Maana yake ni kukomaa kabisa, kufika mahali ambapo kitu hakiongezeki tena. Kutoka huko tumepata upeo na kipeo, na jamaa yake ni -pevu: embe pevu, mtu mpevu, mwezi mpevu. Kwa hiyo upeo hauna mlima ndani yake, una ukuaji. Tukisema mtu ana upeo, tunasema akili yake imefika mbali. Kipeo nacho kimehamia kwenye hesabu, ambako wanafunzi hukutana nacho wakizidisha namba kwa yenyewe.

Mwezi mpevu tunaujua vizuri mwaloni, kwa sababu ndio unaotupumzisha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa haivuti tena kama kawaida na nyavu hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Kilele cha mwezi ni bonde la mapato. Huko pwani mambo ni kinyume kidogo: mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga kabisa, bahari hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na watu wa pwani wana neno lake maalumu, bamvua. Sisi hatuna bamvua. Mwezi hulivuta ziwa pia, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho mtu aliyesimama ufukweni hawezi kukiona.

Upeo wa macho, ule mstari ambapo maji na mbingu hukutana, una uhusiano mzuri na kilele. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama kwenye ufuko wa Nkome, mstari ule uko kama kilomita 4 na nusu tu kutoka alipo. Watu wengi hudhani ni mbali zaidi. Lakini mtu huyo huyo akivuka kwenda Rubondo, akapanda vilima vya Msasa kusini mwa kisiwa, atakuwa kwenye mita 1,486 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134, kwa hiyo amepanda mita 350 hivi juu ya maji. Kutoka hapo, siku isiyo na ukungu, upeo unasogea hadi zaidi ya kilomita 60. Kilele ni mahali unaposimama, upeo ni mahali macho yanapoishia, na ukipandisha kimoja unasukuma kingine.

Tukumbushane pia kwamba sisi tunaojiona tuko chini, ufukweni, tayari tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Kisiwa kizima cha Unguja hakina kilima kinachofika mita 150.

Na jua la utosi? Hilo ni kilele cha jua, linapokuwa juu kabisa kwa siku hiyo. Watu husema saa sita mchana, lakini kwa Nkome si kweli. Saa zetu zimepangwa kwa mstari ulioko mbali mashariki mwetu, kwa hiyo hapa jua hufika juu kabisa kwenye saa saba kasoro dakika nane hivi, likitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na majira. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, husimama utosini barabara, na kivuli cha nguzo iliyonyooka hupotea. Joto la siku hata hivyo hufika kilele saa nane au tisa, jua likiwa limeanza kushuka. Ni ile ile hadithi ya bomba na ndoo.

Bei

Tumebakiza kilele ambacho wachimbaji wadogo wanatuuliza kuliko vyote: je, bei ya dhahabu imefika kileleni? Niuze sasa au nisubiri?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayejua, na anayekwambia kwa uhakika anataka kukuuzia kitu au kununua chako. Kilele cha bei ni kama kilele cha mlima wenye ukungu: unajua ulikuwa juu baada ya kuanza kushuka. Lakini historia ya bei ipo, na inafaa kuijua kabla ya kuficha gramu zako chini ya godoro.

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia moja, ambayo ni gramu 31.1. Januari 1980 ilipanda kwa kasi ya ajabu hadi dola 850. Waliouza wiki chache kabla walijuta. Waliosubiri ipande zaidi walijuta muda mrefu zaidi, kwa sababu bei haikurudi 850 hadi Januari 2008, miaka 28 baadaye. Na dola 850 ya 2008 haikuweza kununua kile ilichonunua 1980. Ikapanda tena hadi kama dola 1,900 mwaka 2011, watu wakasema inakwenda 2,000 kesho. Haikwenda. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa kwenye 1,050 hivi. Dola 2,000 ilivukwa kwa mara ya kwanza Agosti 2020, wakati wa korona. Kisha Oktoba 2025 ikavuka 4,000.

Kwenye njia hiyo kila kilele kiliitwa kilele cha mwisho na watu wenye elimu zao, na kila mara palikuwa na wengine walioapa kwamba hakuna kilele kabisa. Wote wawili waliwahi kupatia na wote wawili waliwahi kufilisika. Methali yetu inasema aliye juu mngoje chini, na watani wameongeza kwamba ukichoka kungoja mfuate huko huko. Bei ya dhahabu imewahi kuwapa haki wote wawili.

Kinachojulikana ni kidogo, lakini kinafaa. Masoko ya madini, lile la Geita likiwa la kwanza kufunguliwa Machi 2019, hununua kwa kuangalia bei ya dunia ya siku hiyo. Kwa hiyo mchimbaji mwenye simu anaweza kuijua bei ya wakia kabla hajatoka nyumbani, akaigawa kwa 31.1 kupata ya gramu, akazidisha kwa thamani ya dola siku hiyo. Namba atakayopata ni ya dhahabu safi kabisa. Yake, ikiwa na mchanganyiko, itashuka kulingana na usafi, na ushuru una sehemu yake. Broka akimwambia kwamba leo bei imefika kilele, uza haraka, anaweza kumuuliza kilele cha lini hadi lini. Cha wiki hii? Cha mwaka huu? Cha tangu 1980?

Na ndani ya duara wachimbaji wana hesabu nyingine ya juu na chini. Bei ikipanda, watu huchimba chini zaidi na kurudia mashimo yaliyoachwa, kwa kuwa mawe ambayo jana hayakulipa gharama za karasha leo yanalipa. Matimba ya zamani yaliyooza hayajui bei ya wakia. Kina cha duara hakina ubao wa Jinja wala kibao cha 50. Kikomo chake ni kile ambacho wenye duara wamekubaliana kabla ya kushuka, siku ambayo bado hakuna aliyeona dhahabu inang'aa.